Uvimbe wa kizazi wenye sura ya saratani: Kwa nini kinyama kilichokatwa kisitupwe

Kasongo. Mwanamke wa Kasongo au Kabambare anapoona tumbo linakua bila mimba na hedhi inazidi kila mwezi, huwa na maswali mawili: je, hii ni saratani? Je, nitazaa tena? Kwa walio wengi, jibu la swali la kwanza ni hapana.

Uvimbe unaoota mara nyingi zaidi kwenye kizazi ni fibroidi, ambazo waganga wa Kongo huziita fibromu. Hutokana na misuli ya kizazi chenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi nchini humo huwa nazo. Saratani ya misuli hiyo ni nadra. Mwaka 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikadiria kuwa kati ya wanawake 350 wanaopasuliwa kwa sababu ya fibroidi, mmoja hukutwa na saratani ya aina ya sakoma ambayo haikutarajiwa.

Lakini kuna uvimbe mwingine, wa nadra pia, usio saratani ila una sura yake.

Unaofanana na kondo la nyuma

Mwaka 1996, wataalamu wa patholojia wa Marekani walieleza fibroidi inayotoka nje ya kizazi kama mafungu ya vinundu vyekundu vya zambarau, mithili ya kondo la nyuma. Iliitwa uvimbe wa Sternberg, kwa jina la mmoja wa wataalamu hao. Daktari anayefungua tumbo na kuukuta anaweza kuamini kwamba saratani imeshasambaa, akaondoa kizazi na ovari za mwanamke ambaye bado anataka watoto.

Aina nyingine huota ndani ya mishipa ya damu na inaweza kupanda hadi kwenye moyo. Nyingine huonekana kama vinundu kwenye mapafu, miaka mingi baada ya mwanamke kutolewa fibroidi. Kwenye picha ya eksirei, vinundu hivyo hufanana na saratani iliyosambaa.

Jicho halitoshi

Wala sura ya nje, wala ukubwa, wala picha ya ultrasaundi havitoshi kutoa hukumu. Kinachoamua ni kinyama kilichokatwa kuwa chembamba na kutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu huangalia mambo matatu: kama seli zina maumbo yasiyo ya kawaida, kama seli nyingi zinagawanyika, na kama kuna sehemu za uvimbe zilizokufa. Hata hivyo, baadhi ya uvimbe hubaki katikati, na mwanamke huyo huhitaji kufuatiliwa kwa miaka.

Hapo ndipo kusini mwa Maniema kunapopata shida. Kufanya upasuaji ni jambo moja, kupata mtaalamu wa kusoma kinyama ni jambo jingine, kwa kuwa wataalamu hao ni wachache na wako katika miji mikubwa. Barabara za kwenda Kindu huharibiwa na mvua, na huko Kabambare makundi yenye silaha yamefanya safari kuwa ya hatari.

Hata hivyo, kinyama kinaweza kusafiri hata pale mgonjwa asipoweza. Kikiwekwa mara moja katika fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa takriban mara kumi ya kinyama, ndani ya chombo chenye mdomo mpana na jina la mgonjwa, hakiozi njiani. Kikiwekwa kwenye maji au kikiachwa kikavu, huharibika.

Kasongo si mgeni wa kazi ya namna hii. Katika miaka ya 1970, mradi wa afya ulioendeshwa hapo pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulijulikana duniani kwa kuunganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali moja ya rufaa. Mgonjwa alipanda na barua, akarudi na jibu. Kinyama nacho kinahitaji njia hiyo hiyo.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya upasuaji, mama na jamaa zake wana haki ya kumuuliza daktari: mtaondoa uvimbe tu au kizazi chote? Kinyama kitapelekwa wapi? Nani ataleta majibu, na lini?

Hii haina maana kwamba uvimbe upuuzwe. Anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma, au anayeona uvimbe unakua baada ya umri huo, aende hospitali bila kuchelewa. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa apimwe mlango wa kizazi, kwa sababu saratani ya hapo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kongo.