Tepe za Zamani si Takataka

Si ajabu, ukiingia katika nyumba ya mzee wa Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, kukuta sanduku la bati mvunguni mwa kitanda, na ndani yake kaseti kumi au ishirini ambazo hakuna tena azisikilizaye. Zilinunuliwa au kurekodiwa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo mkulima aliyepata fedha nzuri ya pamba alirudi nyumbani na baiskeli, khanga za mkewe na redio ya kaseti. Redio yenyewe ilikufa zamani. Kaseti wamepewa watoto wachezee, na mara nyingine ukanda wake huvutwa wote ukafungwa juu ya miti shambani, uvume kwa upepo na kutisha ndege walao mtama. Twakiri kwamba ndege huogopa kweli. Lakini yafaa tujiulize ni kitu gani hicho tunachowatishia ndege.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu watumiao fedha nyingi kutafuta tepe za zamani za muziki, hasa zile za sauti ya pande nne ziitwazo kwadrafoniki. Kampuni ya Vanguard ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1969. Katika tepe ya namna hiyo muziki umegawanywa katika njia nne, na kila njia ina kipaza sauti chake katika pembe moja ya chumba, hata msikilizaji akiketi katikati hujiona kama aliyezungukwa na wapigaji wenyewe. Biashara ile haikudumu. Makampuni yalishindana kwa mitambo isiyopatana, santuri ya huyu haikusikika sawasawa katika chombo cha yule, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha wanunuzi walikuwa wamechoka. Tepe zilizosalia ni chache, na vyombo vya kuzichezea ni vichache zaidi. Ukiiweka tepe ya njia nne katika mashine ya kawaida ya njia mbili utasikia nusu tu ya kazi: pengine mwimbaji yupo na wapiga tarumbeta hawapo. Ndiyo maana watu hao huzitafuta tepe na mashine zake kwa pamoja. Wengine huwacheka, wakiwaita watu wenye fedha wasio na kazi. Sisi hatuwacheki, maana bila ya wao sehemu ya muziki ule isingesikika tena kama ilivyokusudiwa.

Mkulima wa Itilima atauliza: mambo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa kuwa ngoma ya Usukuma ni sauti ya pande zote tangu asili yake. Tazama mbina zichezwazo baada ya mavuno. Bagika wako upande mmoja wa uwanja, Bagalu upande wa pili, na vyama hivyo viwili vimeshindana namna hiyo tangu karne ya kumi na tisa, vikifuata nyayo za Ngika na Gumha, waganga na wachezaji waliogombea sifa. Vyote viwili hucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu ndio waamuzi, na kuamua kwao ni kwa miguu, wakihama kutoka upande huu kwenda ule kadiri manju anavyowavuta kwa maneno na wachezaji kwa maarifa yao. Chama kilichozungukwa na watu wengi ndicho kilichoshinda. Basi asimamaye katikati ya uwanja husikia wimbo wa Bagika sikio la kushoto, wa Bagalu sikio la kulia, na nyuma yake kelele za watu wanaokimbia kuhama.

Sasa fikiri juu ya kijana aliyekwenda uwanjani mwaka 1978 na redio yake ya kaseti. Alisimama wapi? Bila shaka alisimama na chama cha baba yake. Kaseti yake ina nyimbo za upande mmoja zikisikika wazi, na upande wa pili ni mngurumo wa mbali kama radi ya ng'ambo ya mto Simiyu. Lakini huenda yupo kijana mwingine aliyesimama upande wa pili siku ile ile. Kaseti mbili hizo zikikutana, ndipo tunapoanza kuipata ngoma nzima: huyu alitukana nini, yule alijibu nini, na ni wakati gani watu walihama. Kaseti moja peke yake ni nusu ya mazungumzo. Kwa sababu hiyo twasema kwamba thamani ya kukusanya haimo katika uchache wa kitu tu, kama vile watu wakusanyavyo stempu za posta. Imo katika kuziweka pamoja sauti zilizotengana.

Na maneno yaliyomo si ya mchezo tu. Manju wa Kisukuma, ambaye kwa lugha yao huitwa ningi, hutunga juu ya mambo ya wakati wake. Nchi hii ya Ntuzu na jirani zake imeona mengi. Iliona serikali ya kikoloni ikiizuia TANU kufanya kazi Usukumani kutoka mwaka 1954 hadi 1958. Iliona wakulima wa pamba wakiunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ili wasipunjwe tena katika mizani. Iliona watu wakihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na sungusungu wakiinuka katika miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Mambo hayo yamo katika mafaili ya serikali, lakini faili huandikwa na karani aliyetumwa. Wimbo wa kulimia, ule wa bugobogobo uimbwao majembe yakipaa na kushuka kwa pamoja, ulitungwa na mwenye jembe. Mtaalamu wa Marekani Frank Gunderson alikaa na waimbaji wa Usukuma kwa muda mrefu, akazikusanya nyimbo zao za kazi, na mwaka 2010 kitabu chake kikubwa juu yake kikatolewa na Brill wa Uholanzi. Twamshukuru. Hata hivyo twaona si heri kwamba mwanafunzi wa Lagangabilili atakaye kujua babu yake aliimba nini wakati wa palizi aagize kitabu Ulaya.

Wageni walianza kazi hii mapema. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi nyimbo za makabila mengi, wakiwamo Wagogo, Wahaya na jirani zetu Wanyamwezi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo tangu 1978 imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika ya Kusini. Katika safari ile ya 1950 alirekodi pia wasichana wa Kikipsigis wa Kenya wakiimba wimbo uitwao Chemirocha, uliotokana na sauti ya mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, waliyemsikia katika gramofoni. Mnamo mwaka 2014 nakala zilirudishwa Kenya, katika nchi ya wenyewe. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita. Karibu yetu zaidi, kule Bujora karibu na Mwanza, Padre David Clement wa White Fathers, mtu wa Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na mapokeo ya Wasukuma, na makumbusho yake yasimama hata leo. Hapo zamani si wamisionari wote waliopenda ngoma. Wengi waliihesabu kuwa ushenzi, na shule zao zikawafundisha watoto kuionea haya. Padre huyu aliiingiza kanisani. Jambo hilo lastahili kukumbukwa.

Hazina kubwa kuliko zote iko Dar es Salaam, katika nyumba ya Shirika la Utangazaji, Barabara ya Nyerere. Utangazaji wetu ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukawa shirika la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania. Kwa miaka karibu thelathini tangu hapo hapakuwa na redio nyingine Tanzania Bara. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda kwake, ikaingia studio, ikapiga wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya vipaza sauti vichache, na wimbo ukabaki katika utepe wa redio. Santuri nyingi zilipigwa chapa Nairobi, na nyimbo nyingi hazikupata kuwa santuri kabisa. Maana yake ni kwamba utepe ule ndio mama, na mara nyingine hana mtoto. NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadaye ilikuwa Juwata, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma, iliimba juu ya mshahara, ndoa na ulevi wa wafanyakazi wa nchi hii. Vikundi vya ngoma kutoka mikoani navyo vilirekodiwa. Mwaka 2012 vijana wa Tanzania Heritage Project walianza kuchangisha fedha ili tepe hizo zihamishiwe katika kompyuta. Vijana kujitwika mzigo kama huo ni sifa kwao, lakini ni swali kwetu sisi wakubwa.

Adui wa utepe ni wengi. Utepe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi, na sauti imo katika unga ule. Tepe nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa asetati, ambayo ikizeeka hutoa harufu ya siki, hujikunja na kukatika. Nyingine za miaka ya 1970 gundi yake hunywa unyevu wa hewa, ikawa kama ulimbo. Ukiicheza bila tahadhari unga wote hubanduka ukabaki katika mashine, na wimbo umekwisha. Mafundi huzikausha kwanza katika joto la digrii hamsini hivi kwa saa nyingi, kisha huzicheza na kuzinakili mara moja. Vumbi na joto la Meatu ni taabu kwa kaseti, na mvua ya masika huleta kuvu. Zaidi ya hayo mashine zenyewe hazitengenezwi tena kama zamani, na fundi ajuaye kuzirekebisha ni mzee. UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walionya kwamba baada ya 2025 hivi huenda sehemu kubwa ya tepe za dunia isiwezekane tena kusikilizwa, si kwa kuoza tu bali kwa kukosa mashine. Mwaka huo umefika.

Wapo watakaosema: Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa juzi tu mwaka 2012, una shida ya maji, zahanati na bei ya pamba, kwa nini tuhangaike na kaseti? Hoja hiyo ni nzito nasi hatuidharau. Lakini kuzinakili kaseti ishirini hakuhitaji bajeti ya kisima. Kwahitaji redio ya kaseti moja iliyo nzima, waya mmoja, kompyuta iliyopo tayari katika shule ya sekondari, na mwalimu mwenye subira, kwa kuwa kaseti ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, haina njia ya mkato.

Hofu yetu kubwa ni nyingine. Kitu kikianza kuitwa adimu, hufika mnunuzi. Atapita Bariadi na Ngasamo, atampa mzee elfu chache kwa sanduku zima, naye ataondoka na sauti ya kijiji. Hatusemi wakusanyaji ni wezi. Wengi wameokoa ambacho sisi tulikitupa. Bali twasema mzee asiuze kabla ya nakala kubaki, na mtunzi wa wimbo au watoto wake wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yawatambua. Na yule aliyekusanya kaseti mia akazifungia kabatini, asimsikilizishe hata jirani, tofauti yake na yule afukuzaye ndege kwa ukanda ni ndogo.

Anayetaka kuanza asianze na mashine. Aanze na kalamu. Kaseti isiyo na jina ni kama barua isiyo na sahihi: nani aliimba, chama gani, uwanja upi, mwaka gani, aliyerekodi alisimama upande gani. Wazee wanaoweza kuitambua sauti ya manju kwa kusikia ubeti mmoja wanapungua kila mwaka, na hao wakiondoka, hata mtambo bora wa Ulaya hautatuambia ni nani yule. Kisha kaseti zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jiko, mbali na spika ya redio, ambayo sumaku yake hula sauti. Kale kaplastiki kadogo kaliko juu ya mgongo wa kaseti kavunjwe, ili mtoto asirekodi kitu kingine juu yake.

Pamba ikishavunwa mbina zitachezwa tena. Vijana watainua simu zao, wote wakielekeza mahali pamoja kama ilivyo desturi. Twapendekeza wanne kati yao wapatane kabla ya ngoma kuanza: mmoja asimame kwa Bagika, mmoja kwa Bagalu, na wawili wakae pembe zilizobaki, watu wanakopita wakihama. Wapige makofi mara moja kwa pamoja mwanzoni, ili baadaye sauti nne ziweze kulinganishwa. Simu wanazo.