Nani Anawalipa Wafagiaji wa Ubongo?

Jirani yangu anayekaanga mgongo wazi pale Kona Legio, Manyatta, Kisumu, alisikia redioni kwamba wanasayansi wanataka kutibu uvimbe mkali wa ubongo kwa seli za kinga zilizomo humo humo kichwani. Akaniuliza huku akigeuza samaki: "Daktari, kama askari wako ndani tayari, mbona mwizi aliingia?"

Nilimwambia hawakulala. Mwizi amewaajiri.

Kazi yangu ni kusoma vioo kwenye hadubini, kwa hiyo nianze na kile ambacho kanda hii ya ziwa inakijua vizuri mno: uvimbe wa Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa Mulago, Kampala, mwaka 1957 alipoonyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata akaandika makala iliyoutambulisha ugonjwa huo duniani. Ukikata kipande chembamba cha uvimbe huo na kukitia rangi, kioo kizima huwa buluu iliyoiva, seli zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni ya Kondele. Katikati ya buluu kuna vidoa vyeupe, hapa kimoja, pale kimoja. Sisi huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Kila nyota ni makrofaji, yaani seli mlaji, na ukiikuza utaona tumboni mwake vipande vyeusi vya seli za saratani zilizokufa.

Walaji wapo, basi, na wanakula. Hata hivyo uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walionyesha jambo la kuudhi: makrofaji zikishameza maiti hizo, hugeuka na kutoa kemikali zinazowafaa walio hai. Mfagiaji anazoa taka, kisha anamwagilia magugu.

Malaria nayo huchangia. Burkitt ya kwetu huota kwenye seli B, aina ya seli za kinga, zenye kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa 1964 katika sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Utafiti wa 2005 uliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi uliwakuta wa Kisumu, ambako malaria haipumziki, wakiwa na kirusi hicho kwa wingi zaidi. Watoto wenye uvimbe huo hupelekwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga, na dawa za kemo mara nyingi huuyeyusha haraka.

Glioblastoma, ule uvimbe wa ubongo aliousikia jirani redioni, haiyeyuki hivyo. Ndiyo saratani kali inayotokea zaidi kati ya zile zinazoanzia ubongoni mwa watu wazima. Tangu 2005 tiba yake ni upasuaji, mionzi na vidonge vya temozolomide. Katika jaribio lililoweka utaratibu huo, nusu ya waliopata mionzi pamoja na vidonge walikuwa wamefariki ilipokaribia miezi 15. Kwa waliopata mionzi pekee ilikuwa miezi 12. Mpasuaji hawezi kuumaliza, maana seli zake huwa zimekwisha kutambaa ndani ya ubongo wenye afya.

Humo ndimo zinamokaa mikroglia, seli za kinga za ubongo. Mhispania Pío del Río-Hortega alizitambua mwaka 1919. Ni jamaa wa makrofaji, lakini hazitoki kwenye uboho. Huhamia ubongoni mtoto akiwa bado kiinitete, kisha hujizalisha humo maisha yote. Ndiyo maana neno askari halinikai vizuri. Askari huletwa kutoka kambini. Mikroglia ni wazawa, kama mzee wa nyumba kumi anayejua kila mlango: zina mikono mirefu myembamba inayopapasa majirani usiku na mchana, zikipogoa na kuzoa.

Uvimbe ukiota, huziita. Hutoa kemikali iitwayo CSF-1, ambayo kwa mikroglia ni mshahara na chakula kwa pamoja, na nyingine, TGF-beta, ya kuzinyamazisha. Ndani ya glioblastoma, theluthi moja ya seli, wakati mwingine hata nusu, si saratani bali mikroglia na makrofaji. Tena hazikai bure. Mwaka 2009 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba mikroglia zilizo karibu na uvimbe hutengeneza kimeng'enya kinachoyeyusha gundi ya tishu, na seli za saratani hupenya hapo hapo.

Wazo la kwanza likawa kukata mshahara. Mwaka 2013 dawa inayoziba kipokezi cha CSF-1 iliwanusuru panya. Binadamu walipojaribiwa kwa dawa nyingine ya jamii hiyo, matokeo ya 2016 hayakuonyesha faida. (Panya wa maabara wamepona glioblastoma mara nyingi mno; ukisoma habari ya tiba mpya, tafuta kwanza neno panya.)

Wazo la pili linanivutia zaidi. Seli zenye afya huvaa alama iitwayo CD47, inayomwambia mlaji "usinile". Glioblastoma huivaa kwa wingi. Mwaka 2019 timu iliyohusisha Stanford ilionyesha kwamba ujumbe huo ukikatwa, mikroglia hata bila msaada wa makrofaji kutoka kwenye damu huanza kuutafuna uvimbe. Panya tena. Shida ni kwamba chembe nyekundu za damu nazo huvaa alama hiyo hiyo, na wagonjwa wa saratani za damu waliopewa dawa ya aina hii walipungukiwa damu. Majaribio ya magrolimab, dawa ya aina hiyo iliyokuwa mbele ya nyingine, yalisimamishwa mwaka 2024.

Wengine sasa wanaleta wafagiaji wapya. Chukua seli za ngozi au damu, zirudishe kuwa seli shina, zikuze ziwe mikroglia. Ila ubongo wa mtu mzima hauna kiti cha ziada, wenyeji wameujaza. Hapo ndipo ile dawa iliyoshindwa inapopata kazi ya pili. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walibadilisha kidogo kipokezi cha CSF-1 cha mikroglia mpya ili dawa za jamii hiyo zisiziguse. Panya wakapewa dawa, wazawa wakaondoka, wageni wakakaa.

Jirani alinifungia samaki kwa gazeti. "Na hao wageni, uvimbe si utawaajiri pia?"

Nikamweleza kwamba kikundi hicho hicho, katika kazi yake ya 2025 kuhusu Alzheimer, kiliipa mikroglia kimeng'enya cha tiba kilichofungwa kwenye swichi, kisitoke hadi seli ifike penye uchafu wa ugonjwa. Kwa uvimbe swichi itabidi iwe nyingine, iwashwe na harufu ya saratani yenyewe, ili wito ule ule wa ajira ndio ufyatue silaha.

"Yaani anamwita mfagiaji, anakuja polisi," akasema, akanirudishia chenji.