STIMA KICHWANI: ITATUFANYA TUWE MAKINI?

Muhula huu pamezuka maneno bwenini kwamba ukipitisha stima kidogo kichwani, husinzii prepu wala husumbuliwi na ngurumo za ndege za uwanja wa Moi. Wako waliokwisha tafuta betri. Naona afadhali tuelezane mapema.

Jambo lenyewe si uzushi, wala si geni. Warumi wa kale walitibu maumivu ya kichwa kwa taa (samaki, si ya kandili!) wa aina inayopiga shoti. Mwaka 2000, huko Göttingen, Ujerumani, wataalamu Nitsche na Paulus walionyesha kuwa mkondo hafifu wa miliampea 1 hubadilisha wepesi wa seli za ubongo. Vipande viwili vya sifongo vilivyoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, mkondo ukaingilia kimoja na kutokea kingine. Mkondo huo hauiamshi seli. Huisogeza tu karibu na kuamka. Ni kama mtu aliyekwisha simama mlangoni: ukimwita, hutoka upesi kuliko aliyejilaza kitandani.

Msichanganye na tiba ya mshtuko, ambayo watu wa Port Reitz huiwazia mara moja kwa kuwa wodi ya akili iko karibu nasi. Ile ilianzia Roma mwaka 1938, na hutumia mamia ya miliampea.

Sasa umakini. Mwaka 1948 Mwingereza Mackworth aliwakalisha watu saa mbili wakitazama mshale wa saa, wangoje uruke kupita kiasi. Baada ya nusu saa tu walianza kukosa. Basi fikirini mwongoza ndege pale mnarani! Ndiyo maana jeshi la anga la Marekani, kambi ya Wright-Patterson, lilijaribu mkondo huu kwa kazi ya kutazama skrini, na mwaka 2014 likatangaza kwamba waliopitishiwa walidumu makini zaidi. Lakini mwaka uliofuata watafiti wa Leiden, Uholanzi, walipima kifaa kinachouzwa madukani, wakaona waliokivaa wanakosea zaidi katika jaribio la kumbukumbu. Mafuvu yetu hayalingani, na sifongo ikisogea kidogo unagusa sehemu nyingine ya ubongo. Kwa maoni yangu, hakuna cha kukimbilia hapo.

Na ile betri ya volti 9? Rudini kwa hesabu ya Ohm. Ngozi ikizuia kwa omu 4,500, mkondo ni miliampea 2, kiasi cha maabara. Jasho likikutoka (na kwa joto hili letu litakutoka tu), ukinzani ukashuka hadi omu 1,500, mkondo unakuwa miliampea 6, na ngozi inaweza kuungua. Mashine ya maabara huushikilia mkondo usipande. Waya mbili na betri haziwezi.