KASHA LA KIOO LATUA MTANDA, MJUSI NAYE ANASUBIRI

KAMA hujawahi kuona kompyuta iliyovalishwa kitambaa cha kudarizi kama kochi la bi harusi, karibu Mtanda, Lindi mjini. Mimi nimeiona kwa macho yangu, na mwenye mali ni mpwa wangu kabisa, mtoto wa dada yangu.

Binti huyu ana kibanda cha steshenari. Anachapa barua, anatoa fotokopi, na msimu ukifika anawajazia wanafunzi maombi ya Bodi ya Mikopo. Ni katikati ya msimu huohuo kompyuta yake ikaamua kuaga. Paa! Harufu ya kuungua, skrini nyeusi, na nje vijana sita wamepanga foleni na vyeti mkononi. Marejesho ya kikoba ni kila Jumamosi, na Jumamosi haina huruma.

"Shikamoo mjomba. CPU imelipuka," akanipigia simu usiku. (Hapa Bongo lile boksi zima tunaliita CPU, wakati CPU yenyewe ni kijidude kama biskuti kilichojificha ndani. Basi tuseme kasha, tusigombane.)

Nilipofika nikakuta keshaagiza kasha jipya kutoka Kariakoo, limeletwa na basi. Waungwana, lile kasha! Kioo mbele, kioo ubavuni, feni nne zinazowaka rangi kama ukumbi wa disko. Zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kioo hicho kingevuka Rufiji kwa kivuko na kufika Lindi kikiwa chenga. Na wazee wanaokumbuka mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, wangeliona hili wangesema ni uchawi.

Muuzaji alikubali kubadilisha ndani ya siku saba, ilimradi kasha halijakwaruzwa. Siku ya saba ilikuwa kesho yake. "Mjomba, likague. Ukisema baya, linarudi na basi la alfajiri."

Nikaanza na marehemu kwanza, maana huwezi kumchagulia mtu dawa hujui kilichomuua mwenzake. Nilipotoa ubavu wa kasha la zamani nikapiga chafya tatu. Vumbi limeshikana na unyevu wa bahari hadi likawa kama ugali wa mtama. Chuma kimeota kutu kwenye kingo, pale kilipokatwa na rangi haikufika. Chumvi iliyomo kwenye upepo wa bahari ndiyo tabia yake: inatua, inavuta unyevu, halafu inaanza kula kingo kabla ya kitu kingine.

Ndani ya pawa saplai sasa. (Msiige, mle ndani hubaki umeme hata ukichomoa waya ukutani.) Kulikuwa na mjusi kafiri, mkavu kama dagaa, amelala juu ya njia mbili za umeme. Aliingilia wapi? Nyuma ya kasha kuna vile vibati vyembamba vinavyoziba nafasi za kadi. Kwenye makasha ya bei rahisi ukishakivunja kibati hakirudi tena, tundu linabaki wazi maisha. Mpwa wangu alikuwa na matundu mawili. Kwa mjusi huo ni mlango wa mbele.

Halafu kile kitambaa. "Unakitoa ukiwasha?" nikamuuliza. Akaangalia chini. Kumbe kompyuta ilikuwa inafanya kazi mchana kutwa imejifunika shuka, Lindi, mwezi wa joto. Bahati njema madabodi na diski vilikuwa vizima, kazi za wateja zote zimo.

Haya, tuje kwa bwana harusi. Saizi yake ni ile ya katikati, urefu kama sentimita 45, na madabodi kubwa ya kawaida, sentimita 30 na nusu kwa 24 na ushee, inaingia bila kubanwa. Hapo sina ugomvi. Nafasi ni hewa, na hewa ndiyo uhai wa mashine.

Ugomvi ulianzia mbele. Feni tatu zimekaa nyuma ya kioo, na hewa inapita kwenye upenyo pembeni usiozidi unene wa kidole. Hiyo ni kumziba mtu pua halafu ukamwambia akimbie. Chujio la vumbi liko juu tu, kwa ajili ya urembo. Huko mbele hewa inakoingilia hakuna kitu. Nikabonyeza ubavu wa pili, wa bati, kwa dole gumba. Ukabonyea kama kopo la maziwa. Feni zote zimeungwa moja kwa moja kwenye umeme, hivyo zinazunguka kwa kasi ileile iwe baridi iwe joto. Vibati vya nyuma? Vya kuvunja. Mjusi angechinja mbuzi.

Kilichonimaliza ni pawa saplai iliyokuja nayo ya bure. Ubavuni imeandikwa wati 500, mkononi nyepesi kama mkate wa boflo. Zenye shaba na vipoza joto vya kutosha huwa na uzito. Mimi siwezi kuweka diski yenye vyeti vya watoto wa watu juu ya mkate.

Nikatoa hukumu: lirudi. Mpwa wangu akanyamaza, maana zile taa alizipenda. Tukampigia muuzaji, tukaomba kasha jeusi lisilo na maringo: mbele wavu, nyuma ya wavu chujio la kuchomoa na kuosha, vibati vya nyuma vya skrubu, feni mbili zinazovuta na moja inayotoa. Ukivuta hewa nyingi kupitia chujio kuliko unayotoa, vumbi halipati nafasi ya kujipenyeza kwenye nyufa. Bei ilikuwa chini, na chenji ikachangia pawa saplai nzito yenye heshima.

Na wale vijana? Hapo ndipo palikuwa na kimbembe. Tuliazima pawa saplai kwa fundi jirani, tukafunga vitu kwenye kasha la zamani, ubavu wazi, feni ya mezani ikipuliza ndani. Haikupendeza, ila hadi saa tatu usiku wote sita walikuwa wametuma.

Jambo moja zaidi lilinishtua, kihalisi. Nilipogusa chuma cha kasha nikasikia umeme unanitekenya. Soketi ilikuwa na matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ethi haukuunganishwa. Pawa saplai nyingi humwaga umeme kidogo kwenye bati la kasha, na pasipo ethi hauna pa kwenda isipokuwa kwako. Fundi umeme alikuja kesho yake akachimbia fimbo ya shaba na kuunga waya. Kutekenya kukaisha.

Kasha jeusi lilifika Alhamisi. Nimelipandisha juu ya stuli, nyuma wazi, mbali na dirisha. Chujio linaoshwa kila Ijumaa kabla ya swala. Kitambaa cha kudarizi sasa kiko juu ya printa, na nimemwapisha mpwa wangu: ni ikizimwa tu.