"Usiotibika" au "Usioponyeka"? Istilahi za Huduma kwa Wagonjwa wa Saratani

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa kwetu kwa ukaguzi kilikuwamo kijitabu kilichokusudiwa kupewa jamaa za wagonjwa wenye saratani isiyotarajiwa kupona. Sentensi yake ya kwanza iliwaarifu kwamba ugonjwa wa ndugu yao "hautibiki". Kurasa zote zilizofuata zilieleza jinsi ya kuutibu.

Mfasiri hakukosea sarufi. Hakupambanua kutibu na kuponya. Kutibu ni kazi ya tabibu, na kupona ni jambo linalomfikia mgonjwa au lisimfikie. Mtu aweza kutibiwa miaka mingi asipone. Mwenye saratani iliyokwisha kuenea mwilini hutibiwa maumivu, kichefuchefu, vidonda na kukosa usingizi. Hata mionzi hutumiwa ili kupunguza maumivu ya mifupa. Nchini Uganda, tangu mwaka 1993, wagonjwa wa namna hii wamekuwa wakipewa mofini ya maji ya kunywa wakiwa majumbani mwao. Haya yote ni matibabu. Jamaa aliyeambiwa kwamba ugonjwa hautibiki atafunga mizigo na kumrudisha mgonjwa kijijini bila dawa ya maumivu, naye atakuwa ametii neno tulilomwandikia. Twajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili huchanganywa, wala hatuna ugomvi na lugha ya barazani. Lakini katika nyaraka za afya twashauri itumike "ugonjwa usioponyeka", na "usiotibika" iachwe.

Huduma yenyewe imepata jina gumu kidogo. Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, jina la hospisi halikumletea taabu. Katikati ya miaka ya 1970, daktari Balfour Mount wa Montreal, Kanada, alitaka kuanzisha huduma kama hiyo katika mji wa wasemaji wa Kifaransa, akakuta kwamba kwao neno hilo lilikuwa na harufu ya nyumba ya mafukara. Akachagua neno jingine, lenye asili ya Kilatini kutokana na joho: huduma imfunikayo mgonjwa. Taabu ya istilahi, basi, haikuanza kwetu.

Sisi tunayo "shufaa", na maneno "tiba shufaa" na "huduma shufaa" yamekwisha kuzoeleka hospitalini. Wako wanaolisikia kama "shifaa", yaani uponyaji, wakatumaini kisichoahidiwa. Na Mwislamu aliyesoma madrasa hufikiri mara moja juu ya kuombewa Siku ya Kiyama, jambo ambalo si la kumtajia mgonjwa asubuhi wodini bila maelezo. Hata hivyo twaliunga mkono neno hili. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa "shufwa", ambayo walimu wa hesabu huitaja pamoja na "witiri": namba iliyo katika jozi, kinyume cha ile iliyo peke yake. Mwenye kumshufaia mtu husimama naye ili asiwe peke yake. Twapendelea "tiba shufaa" kwa sehemu ya dawa, na "huduma shufaa" kwa jumla ya mambo yote, jamaa wakiwamo. Ni wajibu wa mwandishi kulifafanua neno mara ya kwanza alitumiapo.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika upande wa roho. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 yanataka yashughulikiwe maumivu pamoja na matatizo mengine ya kimwili, ya kisaikolojia na kijamii, na ya kiroho. Ni rahisi kuandika "kiroho". Lakini roho katika Kiswahili hukatwa, huwa juu, huwa mbaya. Na bibi mgonjwa akiambiwa kwamba mtu wa huduma ya kiroho anakuja kumwona, haoni ajabu kudhani kwamba saa yake imefika. Tena neno hili hufikiriwa kuwa ni la dini tu, hali mgonjwa asiye na haja ya kasisi wala shehe aweza kukosa usingizi kwa sababu ya nduguye ambaye hawajaombana radhi.

Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala, kina kipimo ambacho humwuliza mgonjwa maswali machache, mojawapo likiwa kama kwa siku 3 zilizopita amejisikia kuwa na amani. Jibu hupewa namba, kuanzia 0 hadi 5. Mfasiri akiandika "Umekuwa na amani?", mgonjwa aweza kujibu kwamba ndiyo, hajagombana na jirani yeyote. Akiandika "Umetulia?", mtu asiyeweza kugeuka kitandani atasema ametulia sana. Namba itaandikwa, lakini itakuwa imepima kitu kingine. Kwa maoni yetu swali lielekezwe moyoni: "Moyo wako umetulia?" Wasemaji wa Kiswahili huweka uzito, kuvunjika na utulivu humo. "Kiroho" ibaki katika taarifa na miongozo, na mbele ya mgonjwa usemwe moyo.

"Ubora wa maisha" nao unafaa katika ripoti, haufai kitandani. Tangu uchaguzi wa mwaka 2005, "maisha bora" nchini Tanzania ni maneno ya jukwaani, na mgonjwa akiulizwa kama maisha yake ni bora atazungumzia paa na bei ya sukari. "Hali ya maisha" itamfikisha huko huko. Ni afadhali aulizwe kama analala, kama chakula kinapita, kama aweza kuketi na wenziwe na kusali akitaka.

Wauguzi na wafasiri walio wilayani wanaombwa watuandikie maneno wanayoyatumia wao wenyewe wanapomwuliza mgonjwa juu ya utulivu wa moyo, pamoja na majibu wanayoyapata, kabla orodha ya istilahi hizi haijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.