Nguvu Iliyofichwa Katika Pipi ya Kahawa

Magharibi ya Ziwa Victoria Nyanza, katika nchi ya Bukoba, wako watu waitwao Wahaya. Watu hawa wana desturi ya zamani sana ya kutafuna kahawa. Buni huchumwa kabla hazijaiva kabisa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Mgeni afikapo, mwenye nyumba humkaribisha kwa buni hizo, na mgeni hutwaa chache, akazitafuna polepole huku mazungumzo yakiendelea. Mgeni mwenye adabu hamimini buni zote kiganjani mwake.

Siku hizi watoto wa nchi nyingi nao hula kahawa bila kuinywa, lakini kwa njia nyingine. Madukani huuzwa pipi za kahawa. Ni ndogo, ngumu, tamu, na kila moja imefungwa katika karatasi yake inayometameta. Mtoto aliyekatazwa kunywa kahawa nyumbani huweza kununua pipi kumi za namna hiyo, wala hapana amwulizaye neno, maana kila aionaye pipi hudhani kuwa ni pipi tu. Je, ni pipi tu? Ili kulijibu swali hilo, yapasa kwanza kukijua kitu kilichomo ndani ya kahawa yenyewe.

Katika mwaka 1819, kijana mmoja Mjerumani, jina lake Friedlieb Ferdinand Runge, alimwonyesha mshairi mashuhuri Goethe jinsi maji ya mmea fulani yawezavyo kuipanua mboni ya jicho la paka. Goethe alipendezwa sana, akampa buni kidogo ili azichunguze. Runge alizichunguza, akatoa ndani yake kitu cheupe, kichungu. Kitu hicho ndicho kiitwacho kafeini. Baadaye ilijulikana kwamba kafeini imo pia katika majani ya chai, na kwa kiasi kidogo katika kakao. Kwa mmea, kafeini ni silaha ya kuwadhuru wadudu watakao kuula. Kwa mwanadamu ni kitu kinachozuia usingizi.

Namna ya kuuzuia ni hii. Mtu akiwa macho mchana kutwa, katika ubongo wake hukusanyika kitu kiitwacho adenosini. Adenosini ni kama tarishi apitaye nyumba kwa nyumba akisema, “Kazi imetosha, pumzikeni.” Kila nyumba ina mlango wa kumpokea. Kafeini ina umbo linalofanana na la tarishi huyo. Hutangulia kufika, ikasimama mlangoni, wala haisemi neno. Tarishi wa kweli akija hukuta mahali pake pamekwisha kushikwa, na habari yake haiingii. Basi mtu hujiona ana nguvu mpya. Lakini uchovu wake haukwenda popote. Umesimama nje, unangoja. Kafeini ikiisha kuondoka, matarishi wote waliokuwa wakingoja huingia, na mtu huyo huona uchovu mwingi kwa ghafula.

Sasa turudi kwenye pipi. Pipi ya kahawa si jambo jipya duniani. Mji wa The Hague, katika nchi ya Uholanzi, unajulikana kwa pipi za kahawa ziitwazo Hopjes. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 18 bwana mmoja mkubwa wa mji huo, Hendrik Hop, aliacha kahawa yake yenye sukari karibu na moto usiku. Kulipokucha akaikuta imeganda, akaionja, akaipenda. Leo nchi ya Indonesia, ambayo yenyewe hulima kahawa nyingi, hutengeneza pipi ziitwazo Kopiko, na hizo huuzwa katika nchi nyingi.

Lakini pipi za kahawa hazilingani. Nyingine zimetiwa ladha na harufu tu, na kahawa yenyewe haimo. Nyingine zimetiwa kahawa ya kweli, na pamoja nayo kafeini yake. Nyingine tena ni buni nzima iliyokaangwa na kuvikwa chokoleti. Alaye hiyo humeza buni yote, na kafeini iliyomo katika chokoleti huongezeka juu yake. Hata buni zenyewe zinapitana. Gramu moja ya kahawa ya aina ya arabika ina kafeini kadiri ya miligramu 12. Gramu moja ya robusta, ambayo ndiyo kahawa iliyo nyingi Bukoba, ina kadiri ya miligramu 22. Ulimi hauwezi kuyapambanua hayo. Uchungu wa kahawa ni kama mlinzi amwambiaye mnywaji, “Yatosha.” Sukari ya pipi humnyamazisha mlinzi huyo, na mlaji huendelea kula.

Kwa hiyo, mahali ulimi ushindwapo, yapasa kutumia hesabu. Katika mwaka 1015 na elfu moja zaidi, yaani mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa maelezo juu ya kafeini. Kikombe cha kahawa cha mililita 200 kina kadiri ya miligramu 90. Kikombe cha chai cha mililita 220 kina kadiri ya miligramu 50. Mtu mzima mwenye afya aweza kutumia hata miligramu 400 kwa siku nzima bila kuhofiwa kupata madhara. Kwa watoto, mamlaka hiyo ilipima kwa uzito wa mwili: miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito wa mtoto. Huo ni mpaka, wala si shabaha ya kulengwa. Mtoto hapungukiwi na kitu asipotumia kafeini kabisa.

Na ichukuliwe hesabu hii iwe mfano. Karatasi ya pipi fulani imeandikwa kwamba kila pipi moja ina miligramu 20 za kafeini. Msichana wa darasa la sita ana uzito wa kilo 30. Mara 3, mpaka wake ni miligramu 90. Akila pipi nne amefika 80. Akila ya tano amefika 100, naye amekwisha kuuvuka mpaka. Tena ikiwa asubuhi alikunywa kikombe cha chai chenye miligramu 50, basi pipi mbili zamfikisha 90 barabara, na ya tatu haifai.

Msichana huyo ana ndugu mdogo wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilo 12. Mpaka wa mtoto huyo ni miligramu 36. Dada kwa upendo wake ampa pipi mbili, ambazo kwake yeye mwenyewe si kitu. Lakini pipi mbili ni miligramu 40, na mtoto amekwisha kupita mpaka wake kabla hajamaliza ya pili. Pipi ni zile zile, na upendo ni ule ule, ila mwili ni mwingine. Tena pipi ngumu huweza kumkaba mtoto mdogo koo. Kwa sababu hizo mbili, pipi ya kahawa si zawadi ya mtoto mchanga.

Jambo jingine la kuangaliwa ni saa. Katika mtu mzima mwenye afya, kafeini hupungua kwa nusu katika muda wa saa tano hivi, ingawa watu hawalingani. Mtu aliyekula pipi nne, yaani miligramu 80, saa kumi ya jioni, atakuwa na miligramu 40 hivi mwilini saa tatu ya usiku, na miligramu 20 hivi saa nane ya usiku. Pipi imekwisha kusahauliwa, na karatasi zake zimetupwa, lakini kazi yake ingali inaendelea gizani.

Hapo ndipo penye hasara kubwa ya mwanafunzi. Wako wanafunzi wadhanio kwamba usiku wa kuamkia mtihani ni vema kula pipi za kahawa ili wakeshe wakisoma. Macho yao hukaa wazi, ni kweli. Lakini ubongo hufanya kazi ya kuyahifadhi mambo yaliyosomwa wakati mtu alalapo. Mwanafunzi ajinyimaye usingizi ni kama mkulima avunaye mahindi mchana kutwa, kisha akayaacha shambani asiyatie ghalani. Asubuhi huingia katika chumba cha mtihani mikono ikitetemeka na moyo ukimwenda mbio, na yale aliyoyasoma hayaoni.

Kutetemeka huko ni dalili ya kafeini iliyozidi. Dalili nyingine ni wasiwasi, kichefuchefu, kuumwa na kichwa, na kukosa usingizi. Mtoto aliyekula pipi nyingi za kahawa, akaona moyo wake unapiga kwa nguvu au akaanza kutapika, asifiche kwa kuogopa kugombezwa. Na amwambie mzazi au mwalimu mara moja, apelekwe kwa mganga wa zahanati, na karatasi za pipi zichukuliwe pamoja naye ili mganga ajue ni nini kilicholiwa na ni kiasi gani.

Basi mwenye kununua pipi ya kahawa na aisome karatasi yake kabla ya kuifungua. Aangalie kama imo kahawa ya kweli. Ikiwa kiasi cha kafeini hakikuandikwa, ale moja au mbili tu. Ahesabu na chai aliyokunywa siku hiyo. Asile jioni, wala asiwagawie watoto wadogo. Akiisha kula asukutue kinywa kwa maji, kwa kuwa sukari nayo huharibu meno.

Wazee wa Bukoba hawakuwa na mizani ya kupimia miligramu, lakini walikuwa na adabu ya kutwaa buni chache na kuzitafuna polepole. Pipi iliyofungwa karatasi haina mwenyeji wa kumtazama mgeni. Mlaji mwenyewe yampasa awe mgeni na mwenyeji pia. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali.