Kukata Ini: Koleo la Zamani au Mashine ya Bei?

Ini halikatwi kama nyama nyingine. Karibu lita moja na nusu ya damu hupita humo kila dakika, na mishipa yake imejificha ndani ya nyama laini isiyoshika uzi. Daktari anayeondoa uvimbe wa saratani anahitaji kifaa cha kuvunja nyama hiyo huku mishipa na mirija ya nyongo ikibaki mizima, aione na kuifunga kabla ya kuikata.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni koleo la Kelly. Daktari hubana ini kidogo kidogo, seli zinapondeka, mishipa inabaki wazi. Koleo likishaoshwa na kuchemshwa kwa mvuke hutumika miaka na miaka. Kabla yake kulikuwa na vidole: Ton That Tung wa Hanoi alijulikana duniani kwa kuvunja ini kwa mkono.

Kisha kuna CUSA, mashine ambayo ncha yake hutetemeka kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, ikivunja seli na kuzifyonza. Ipo pia ya kukata kwa mchirizi wa maji wenye nguvu, na zile zinazoziba mishipa kwa joto. Bei ya mashine si mwisho wa gharama, maana ncha na mipira hununuliwa upya. Stepla, inayofunga kwa pini na kukata kwa pamoja, ndiyo inayomaliza kazi upesi, lakini kila risasi yake, yaani katriji ya pini, ni ya mara moja, na upasuaji mmoja unaweza kumeza kadhaa. Hapo ndipo bili ya mgonjwa inapovimba.

Je, bei hiyo inanunua usalama? Mwaka 2005 madaktari wa Zurich walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 waliogawanywa kwa kura katika makundi manne: koleo, CUSA, maji na kifaa cha kuziba kwa joto. Kati ya vifaa hivyo vinne koleo lilikata haraka zaidi, damu ilipotea kidogo zaidi, na kila upasuaji uliokoa kati ya euro 600 na 2,400. Madaktari wa Heidelberg nao walilinganisha koleo na stepla. Upotevu wa damu haukutofautiana.

Lakini matokeo ya Zurich yasomwe kwa makini. Wagonjwa wale hawakuwa na ini lililosinyaa kwa makovu, ilhali wengi wa wagonjwa wetu wa saratani ya ini, hasa wenye homa ya ini B, wanalo. Tena koleo lilitumika pamoja na kubana kwa muda mishipa inayoleta damu kwenye ini, mbinu aliyoieleza James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Katika makundi ya mashine mishipa hiyo haikubanwa kama utaratibu wa kawaida. Ushindi wa koleo, basi, ni wa koleo na Pringle kwa pamoja.

Kwa upasuaji wa matundu madogo, koleo la kawaida halitoshi, na kifaa cha kuziba mishipa kinastahili bei yake. Vivyo hivyo uvimbe ukikaa karibu na mshipa mkubwa, ningekubali kulipia CUSA, ikiwa mkono unaoishika umeizoea. Kwa hospitali yenye fedha za kitu kimoja tu, ningezielekeza kwenye damu ya akiba na daktari wa usingizi anayejua kushusha shinikizo la damu katika mishipa ya vena wakati wa kukata.

Ndugu wa mgonjwa wanaoletewa makadirio ya gharama waulize vitu viwili: risasi za stepla zimehesabiwa ngapi, na zile zisizofunguliwa zitarudi stoo au zitabaki kwenye bili?